Pini za Katapila

Ibadakuli,
9 Agosti 1951

Mama Kamili,

Salamu zako zimefika, na mimi ni mzima. Huku vumbi tupu, ng'ombe wa mama yangu wamekonda. Nasikia tangu Herman akatwe miguu anashinda kitini, na wewe ndiye unayembeba kumpeleka chooni. Pole. Ulitaka mwanamume wa kuendesha katapila, si wa kulipaka grisi.

Thobias, huyu anayekuletea barua, anawaletea katapila dogo nililoliunda kwa bati la debe. Limenichukua miezi mitano. Lina spiringi ya saa, linatembea lenyewe, na lile bati la mbele linaangusha vijiti vya kiberiti kama letu lilivyokuwa likiangusha miti ya pori la mbung'o. Kila mnyororo una vipande thelathini na sita, na kila kipande kina pini yake. Dereva nimemchonga kwa mti. Nimempa miguu yote miwili.

Kamili asiligombanie, hilo ni la Herman. Mwambie aliendeshe kwenye mteremko, halitapinduka. Mnyororo haufunguki pini zote zikiwapo. Anakumbuka ni mimi niliyekuwa nikizikagua kila asubuhi, hata asubuhi ile katapila lilipoangukia naye korongoni.

Chini ya sanduku utakuta pini moja nene ya chuma, ndefu kuliko kiganja chako. Hiyo si ya katapila dogo. Usimweleze kitu, mwekee tu mkononi.

Ni mimi,
Donatus wa grisi