Jogoo, Majani ya Mpapai na Uvimbe Ulionificha

Mama yangu,

Leo maabarani wenzangu walipiga makofi. Dawa tunayoijaribu imekibana kimeng'enya kinachoikatia saratani njia, na seli za saratani zimekaa palepale, hazikusambaa. Mimi nilitoka nje nikalia, kwa sababu nilikumbuka jiko letu kule kijijini Kimwani.

Krismasi ile ulichinja jogoo mzee, yule mkorofi aliyewadonoa wageni, ukamfunga kwenye majani ya mpapai ili alainike. Ukaniuliza hii shule yangu isiyoisha nasoma nini hasa. Kwa kujishaua nikanyanyua jani moja. Nikasema lina kitu kinachokata nyama taratibu. Saratani nayo ina kitu cha aina hiyo: inakata nyama iliyoizunguka, inapata njia ya kupita. Sisi tunatafuta dawa ya kukizuia.

"Mwana wange, kwa hiyo nyama hata iwe ngumu namna gani, jani linailainisha?"

"Hata iwe ngumu namna gani, Mama."

Nilicheka. Nilidhani tunaongea habari za jogoo.

Kumbe tayari ulikuwa na uvimbe kwenye titi. Miezi saba uliupaka majani ya mpapai yaliyopondwa, ukafunga kitenge juu yake, ukisubiri ulainike. Nilipokuja kukupeleka hospitali Bukoba, pameshakuwa kidonda na kwapa limevimba. Daktari akauliza ulikuwa wapi muda wote huo. Ukamjibu kwa upole kabisa, "Natumia dawa ya mwanangu huyu. Amesomea."

Hukuwa unanilaumu, ulikuwa unajivunia mtoto wako. Afadhali ungenitukana.

Nina hasira nawe pia, Mama. Nasomea ugonjwa huohuo, nawe unanificha! Halafu hasira inanirudia mwenyewe, maana siku ile nilitaka kuonekana msomi, wala sikukuuliza mbona umekonda.

Kaka na dada wanaamini ulichelewa kwa kuogopa upasuaji. Siku ya mazishi walinishukuru mbele ya watu kwa kukuhangaikia. Nilisimama pale shambani, kando ya kaburi lako, nikazipokea zile shukrani.

Jumapili nakuja nyumbani kuwasomea barua hii. Wakinifukuza nitaelewa. Wewe usingenifukuza, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Lala, Mama.

Kitindamimba wako