Posa na Damu ya Sungura

Temeke, 9 Juni 1994

Shikamoo shangazi Mwajabu,

Huku tu wazima, na goti la mama limepoa.

Najua habari za posa zimekufikia, basi zisikie kwangu. Jumapili mama yake mchumba wangu Farhan alikuja naye, akaniuliza maabarani nafanya kazi gani hasa. Nikamweleza: tunamdunga sungura sindano ya protini itokayo kwenye utando wa seli za ubongo wa binadamu, na damu yake inatengeneza kingamwili za kuitambua. Tukizitia kwenye kipande cha ubongo wa marehemu, tunaiona protini ilipo. Ndivyo madaktari wanavyouchunguza ugonjwa wa kifafa.

Akasema, "Mkono unaoshika ubongo wa maiti hautampikia mwanangu. Acha kazi, au posa ife."

Yeye ni mtu mzima, nikamwachia heshima yake. Nikamgeukia Farhan. "Na wewe wasemaje?"

Akainama, akatazama mkeka.

Hapo ndipo nilipovua pete ya uchumba, nikampa mkononi.

Shangazi, usinitumie mtu wa kunibembeleza. Mkono huu ndio uliomwosha bibi alipofariki, na pilau ya hitma yake niliipika mimi. Ulikula, ukaongeza.

Mwanao asiyejuta,
Nusaiba