Kamanda na Pole ya Mama Rehema

Tate,

Shikamoo. Hiyo nimeitanguliza kwa sababu wewe baba yangu ulinilea hivyo, lakini ujue naitoa nikiwa nimenuna. Nina hasira na wewe. Nakuandikia kwa Kiswahili maana Kishambaa chetu nakisema tu, kukiandika hakuna aliyenifundisha. Na nikikaa bila kuandika nitampigia mtu kelele hapa, bora nikupigie wewe.

Niko Lushoto, kwenye benchi nje ya Mahakama ya Mwanzo. Nimekaa, nimesimama, nimekwenda mpaka bombani nikanawa uso, nimerudi, nimekaa tena. Kesi yetu ni ya tatu. Kaka Hemedi ameegemea ukuta na shati aliloteua kwenye mitumba anayouza, ananichunga kwa macho nisije nikafungua mdomo. Na yote haya ni kwa sababu ya Kamanda, mbwa wako. Ndiyo, wako! Usinikatize.

Maana maisha yako yote ulimkana. Mtu akipita akisema, mzee, mbwa wako huyu mkali, wewe haraka haraka: "Huyu si wangu, huyu ni mbwa wa shamba." Sheikh akipita, mbwa wa shamba. Wageni wakija, mbwa wa shamba. Ukamjengea kibanda kule juu kwenye kabichi, upande wa msitu, ukamfundisha asivuke ule ua wa masale uliozunguka nyumba yetu, na kweli hakuvuka hata siku moja. Akikulamba mkono, unashuka mpaka mtoni kuosha mara saba kama dini inavyotaka, ya kwanza kwa udongo, unanung'unika kama uliyeonewa. Halafu baada ya swala unarudi kule juu na ugali wake kwenye jani la mgomba. Ulidhani sikuoni? Mwenye kusonga ule ugali alikuwa nani?

Basi sikiliza yaliyotokea tangu uondoke.

Tulipomaliza arobaini yako, Hemedi akamleta nyumbani tajiri mmoja wa mbao, ana yadi kule Mombo. Unajua siku hizi kila kitu ruksa, kila mwenye mbao na msumeno ana yadi yake, na kila mwenye yadi analala jicho moja. Hemedi akasema mbwa mkali sasa ni kitu cha maana, na tena haipendezi mwanamke aliyeachika kukaa juu kule peke yake na mbwa, watu wanasema. Mimi siku hiyo nilikuwa sokoni na karoti. Niliporudi kibanda kilikuwa kitupu, jani la mgomba la asubuhi limekauka pale pale. Nilimfokea Hemedi mpaka sauti ikakauka. Akanijibu, "Si ulisikia marehemu mwenyewe, mbwa hakuwa wake. Nimetoa kitu kisicho cha mtu, kosa liko wapi?"

Nguruwe walikuja siku ya tatu. Viazi vyote vya upande wa msitu wamevifukua, Tate, vile ulivyopanda wewe kwa mkono wako.

Siku ya tisa Kamanda akarudi. Kutoka Mombo! Kapanda mlima wote, kamba bado shingoni imemkata, mguu wa nyuma anauvuta. Mimi nilikuwa bondeni, sikumwona. Aliyemwona ni Mama Rehema, jirani yetu, yule uliyekuwa ukimpelekea peasi za kwanza kila mwaka. Akamhurumia. Akaishika ile kamba amlete kwangu. Sasa wewe unamjua Kamanda, na fikiria ametoka kuvutwa na kamba hiyo hiyo kwa watu asiowajua. Akageuka akamng'ata mkono. Mkono wa kulia, Tate, mkono wa jembe, na mvua za kupandia zimeshaanza.

Hapa ndipo ninapotaka kukuambia jambo.

Sikwenda kumpa pole.

Nilichukua kanga yangu niende. Nilikuwa mlangoni. Hemedi akanishika bega akasema, "Ukienda kumpa pole umekiri. Watasema kama si wake alikwenda kwa nini?" Akasema tajiri wa mbao naye hataenda, na yeye Hemedi hataenda, na nisije nikawaponza. Nikarudisha kanga msumarini. Nilidhani ni kwa siku moja tu, mambo yatulie. Siku moja ikawa mbili, ikawa wiki. Nikawa natafuta njia ya kupitia nyuma, kwenye migomba, nisiuone mlango wake. Mimi! Aliyenifunga mgongoni kwake nikiwa mtoto, mama hayupo, ni nani kama si yeye? Akiugua hata kuku wake huwa tunakwenda kumpa pole. Yeye ameng'atwa akatoka damu, anashuka hospitali kuchomwa sindano, na hakuna mtu aliyesema pole, kwa sababu pole imegeuka kuwa ushahidi.

Ndipo akaenda kushtaki. Ningekuwa yeye ningeshtaki mapema zaidi.

Kikao cha kwanza kilikuwa wiki mbili zilizopita. Hakimu ni mama mmoja, mgeni, ametoka pwani, haongei sana. Akauliza mwenye mbwa ni nani. Tajiri wa mbao akasema, si wangu, nilipewa nikamjaribu, akatoroka. Hemedi akasema, si wangu, nilishamtoa. Nikasimamishwa mimi. Naapa nilikuwa nimejiandaa kusema kweli. Mdomo ukafunguka ukatoa maneno yako: "Mheshimiwa, huyo ni mbwa wa shamba." Akauliza, shamba la nani? Nikasema, la marehemu. Akasema hana uwezo wa kumwita marehemu. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao kidogo. Kicheko hicho bado kinaniuma mpaka sasa.

Akaagiza bwana mifugo akae na Kamanda siku kumi amwangalie kama ana kichaa. Na akasema wazi: kikao kijacho, mbwa akiwa mzima na hana mtu wa kusimama kama mwenyewe, atapigwa risasi, kwa sababu mbwa aliyeng'ata hawezi kuachwa azurure bila mtu wa kumjibia. Kikao kijacho ndicho leo.

Nilikwenda kumwona mara moja. Amefungwa mnyororo nyuma ya ofisi ya mifugo. Nilimpelekea ugali kwenye jani. Bwana mifugo akaniuliza, wewe ni nani wake? Nikasema nimetumwa. Nimetumwa na nani, Tate? Kamanda hakula. Alikuwa akitazama nyuma yangu kuona kama na wewe unakuja.

Sijui nifanye nini. Nikisema ni wangu, Hemedi atanitenga, ameshaniambia. Na mwenye mbwa atabeba kila kitu, mkono wa watu, shamba la watu, na kesho kutwa aking'ata tena ni mimi. Nikisema si wangu... Wanaita. Ngoja.

*

Nimerudi nyumbani. Ni alasiri, ukungu umeshafika kwenye miti ya peasi. Nilitaka kukaa niandike vizuri ila siwezi kutulia, nimeinuka mara nne tayari kuchungulia nje. Utaelewa.

Tuliingia. Hakimu, na wale wazee wawili wa baraza, mmoja ni yule mwalimu wa madrasa mwenye kikohozi. Bwana mifugo akasema mbwa ni mzima, hana kichaa. Hakimu akauliza tena swali lake. Tajiri, si wangu. Hemedi, si wangu, na marehemu baba yetu alikuwa akisema mbele ya watu wote kwamba si wake, mashahidi wapo.

Bwana mifugo akasema, "Mheshimiwa, samahani, mimi nina kitabu."

Kitabu cha chanjo, Tate. Kikubwa, jalada limeliwa na mende. Akafungua akasoma, akanyanyua akaonyesha. Mwaka baada ya mwaka, kila walipotangaza chanjo ya mbwa. Safu ya jina la mbwa: Kamanda. Safu ya mwenye mbwa: jina lako, na la babu, na la ukoo. Umeandika mwenyewe! Ule mwandiko wako wa elimu ya watu wazima, kila herufi imesimama peke yake haitaki kushikana na mwenzake. Ningeutambua hata gizani. Zile safari zako za kushuka Lushoto kuulizia mbegu, ukirudi bila mbegu, na Kamanda nyuma yako eti amekufuata tu!

Bwana mifugo akasema, na kuna safu ya mwisho, ya mahali anapokaa mbwa. Hakimu akasema, soma. Akasoma: "Nyumbani kwangu." Akafunua mwaka mwingine. "Nyumbani kwangu." Mwingine.

Tate, hukuwahi kumruhusu avuke masale! Sisi ulitudanganya, watu wote ulitudanganya. Pale tu mtu alipokuuliza nani atamjibia mbwa huyu akidhuru, ndipo ulipochukua kalamu ukasema kweli.

Nililia. Sikulia hivyo hata siku ya kukuzika, maana siku ile kulikuwa na watu wa kupikiwa. Nikasimama bila kuitwa. Karani akaniambia kaa, sikukaa. Nikasema, "Mbwa ni wangu. Alikuwa wa baba yangu na sasa ni wangu. Kikao kile nilisema uongo." Hemedi akasema jina langu kwa sauti ya chini, mara mbili. Sikumtazama.

Halafu, Tate, sikungoja hakimu aseme lolote. Nikavuka pale mbele nikaenda kwa Mama Rehema kwenye benchi lake. Mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Nikapiga magoti kwenye sakafu ya mahakama, nikamshika ule mkono mzima, nikasema, "Shikamoo mama. Pole. Pole mama. Nimechelewa."

Akasema, "Marahaba. Mwanangu, mimi sikumshtaki mbwa. Nilikuwa naisubiri hiyo tu. Kila mtu akipiga hodi nilikuwa nadhani ni wewe." Akaweka mkono wake kichwani kwangu, mbele ya hakimu na karani na watu wote. Hakimu akainamisha uso akawa anaandika, nadhani hakuwa akiandika kitu.

Yule mwalimu wa madrasa akakohoa, akasema mbwa wa kulinda shamba hana tatizo kumfuga, tatizo ni kuizungusha haki ya jirani. Sijui alimsemea Hemedi au wewe. Au mimi.

Hukumu ndiyo hii. Kamanda hauawi. Mwenye mbwa ni mimi. Mchana afungwe, aachiwe jioni tu ndani ya uzio, na uzio niujenge kabla ya mwezi kwisha. Chanjo kila mwaka. Safari zote za Mama Rehema za hospitali ni juu yangu, na shamba lake nililime na kulipanda mimi mpaka mkono upone. Nimekubali yote. Jembe nimeshalinoa, naanza kesho, na Mama Rehema amesema atakaa kwenye kisiki cha mti anisimamie, maana analijua tuta langu lilivyo, linakwenda kombo kama lako.

Hemedi alitangulia kutoka, hatujasemeshana. Ana uchungu wake na sitaki umfikirie vibaya, aliogopa maneno ya watu, na hilo tumelirithi wote wawili. Lakini ile kamba iliyomkata Kamanda shingo ameichukua, na ameacha kwa bwana mifugo mkanda wa ngozi uliotoka kwenye mitumba yake. Bwana mifugo akasema, kaka yako kasema nikupe.

Ndipo tukapanda mlima, mimi na Kamanda. Watu watatu waliniuliza njiani, mbwa wa nani huyo? Wangu. Wa kwanza nilimjibu kwa shida, wa tatu nilimjibu kabla hajamaliza kuuliza.

Na sasa yuko nje, ndiyo maana siwezi kutulia. Tulipofika kwenye masale akasimama. Nikamvuta, hataki. Nikamwita, anatikisa mkia, havuki. Nikaingia ndani nikatoka na ugali, analia tu pale mpakani, ananitazama na kuitazama njia ya kibandani. Ulimfundisha vizuri mno. Kwa hiyo leo nimekaa naye pale pale, yeye upande wake na mimi wangu, akala, akanilamba mkono, nikashuka mtoni nikaosha mara saba. Ya kwanza kwa udongo.

Nakuaga, Tate. Hasira imepungua, haijaisha. Mungu akulaze mahali pema, akusamehe uongo wako ule mmoja, na sisi wetu. Ninakuahidi mambo mawili. Uzio nitauzungusha kwa nje, upite nyuma ya kibanda chake, ili kibanda kiwe ndani pamoja na nyumba na asilazimike kuvuka kitu ulichomkataza. Na mwaka huu wakitangaza chanjo nitashuka naye Lushoto mchana kweupe, nikiwaaga watu wote ninapokwenda. La kuandika kwenye safu ile ya mwisho sina haja ya kulifikiria. Nitaandika chini ya mwandiko wako, maneno yale yale mawili.

Mwanao,
Zuhura