Vifungo vya Shaba

Katito,
14 Februari 1988

Kwa Mwihaki, mke wa Ochieng,

Pokea salamu za watu wa hapa. Mimi sijambo, ila goti la kushoto linanisumbua mvua ikikaribia. Ninyi hamjambo? Baridi ya Nyahururu mmeizoea? Mwambie mwanangu avae fulana mbili, asijifanye kijana.

Naandika kwa sababu ya mbwa wenu. Mlipomleta Desemba mlisema ni mdogo, hali sana. Ni kweli hali sana chakula. Vitu vingine vyote anakula. Wiki ya kwanza alimeza kizibo cha chupa ya chai. Wiki iliyofuata akameza kipande cha sabuni, akatoa povu puani mchana kutwa, na akina mama wa kanisa wakakimbia wakidhani ana kichaa. Kisha kitufe cha redio, kile cha kutafutia stesheni. Tangu siku hiyo nasikiliza stesheni moja tu, nayo ni ya Uganda.

Ajabu ni kwamba hafi. Anakaa kidogo, anafikiri, anakwenda nyuma ya choo, anarudi akitikisa mkia. Nimefuga ng'ombe, mbuzi na kuku maisha yangu yote, sijaona tumbo kama hili. Hafiki hata magotini kwangu. Wakati mwingine naacha kazi namtazama tu, nikijiuliza vitu vyote hivyo vinakaa wapi.

Lakini nimechoka. Tafuteni namna ya kumchukua.

Ni mimi,
Mama Ochieng


Nyahururu,
27 Februari 1988

Mama,

Salamu nyingi za heshima. Sisi ni wazima, na Ochieng anavaa fulana mbili, nimeziona mwenyewe. Pole kwa goti. Jaribu kulikanda kwa maji ya moto.

Kuhusu Shujaa, nakuomba uvumilie. Mwenye nyumba hapa hataki mbwa hata wa kuchora. Mwezi wa nane tutapata nyumba ya shule yenye ua, nami nitakuja mwenyewe kumchukua. Kwa sasa nimemuuliza mwalimu mwenzangu, Nasipwondi, ambaye kwao wamefuga mbwa miaka mingi. Anasema usimkimbize akishika kitu. Akiona unamkimbiza anadhani unataka kumnyang'anya, anameza haraka kabla hujafika. Mwonyeshe kitu kitamu kuliko alichonacho, kisha ngoja. Mpe mfupa mkubwa wa ng'ombe atafune, na vitu vidogo vyote viwekwe juu.

Samahani kwa usumbufu.

Mkwe wako,
Mwihaki


Katito,
6 Aprili 1988

Kwa Mwihaki,

Natumaini Pasaka ilikwenda vizuri huko. Hapa tulikula na kuimba, sauti ilinipotea hadi jana.

Mwambie huyo Nasipwondi nimemsikia. Sasa nyumba yangu inaishi juu. Vijiko viko kwenye kikapu kinachoning'inia kwenye boriti. Viatu nimevitundika kwenye misumari, sabuni iko juu ya kabati, na kitana changu kiko juu ya mlango. Mgeni akiingia anainua macho kwanza, ndipo anasalimia.

Na ile ya kungoja pia nimeijaribu. Akishika kitu, sikimbii. Nakaa kwenye kigoda, nafungua kiganja chenye visamaki vitatu vya omena, naangalia kwingine. Anakuja polepole, anaweka kitu chake kiganjani, anachukua omena zake. Mara ya kwanza alipofanya hivyo mwili ulinisisimka. Sikujua mnyama anaweza kufanya biashara ya haki.

Mlimpa jina la Shujaa. Nikiliandika naliandika sawa, maana misheni walinifundisha kuandika. Ulimi ndio unaokataa. Sisi Wajaluo herufi hiyo ya sh hutushinda mdomoni. Namwita Sujaa, naye anakuja mbio. Hacheki. Wewe ulicheka, Mwihaki. Siku ya Krismasi, nilipoomba nikasema "tunakusukuru Bwana," uliziba mdomo kwa leso mbele ya wageni. Sikusema kitu wakati ule. Sasa nimesema.

Jambo la mwisho ndilo baya. Jumatatu ya Pasaka nilianika koti la marehemu mume wangu Joram, lile alilovaa akiwa baharia kwenye meli za ziwa. Unalijua, lina vifungo vinne vya shaba. Upepo uliliangusha kutoka kwenye kamba, na nilipotoka nikakuta nyuzi tu. Joram alikuwa akivisugua vifungo hivyo kwa majivu kila Jumamosi. Kama havitatoka, usije ukaniuliza mbwa wako amekwenda wapi.

Mama Ochieng


Katito,
15 Aprili 1988

Kwa Mwihaki,

Salamu. Hii ni fupi kwa sababu kesho nasafiri.

Vifungo vyote vinne vimetoka. Nimeviosha kwa maji ya moto na majivu, vinang'aa kama zamani. Lakini mbwa hajapona. Anatapika maji ya njano, tumbo amelikunja, na leo nimemwonyesha omena akageuza uso. Nilidhani nilichokuwa nacho moyoni ni hasira. Sasa naona ni woga.

Nampeleka Ahero kwa daktari wa mifugo, anaitwa Shitanda. Nitakaa kwa Agneta, yule tuliyeimba naye kwaya kabla hajaolewa huko. Daktari akishamwona nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Mama Ochieng


Nyahururu,
9 Mei 1988

Mama,

Nakusalimu, ingawa sijui salamu hii itakukuta wapi. Ulisema ungeandika siku hiyo hiyo. Sasa wiki tatu zimepita. Redio inasema mto umevunja kingo na barabara ya Ahero imefungwa, na Ochieng amejaribu kupata simu posta mara mbili bila kufanikiwa. Hata chakula hali vizuri.

Kama Shujaa amekufa, niambie tu. Kama wewe ndiye mgonjwa, mtume Agneta aandike hata maneno mawili.

Mama, nilicheka. Ni kweli. Nilikuwa mgeni kwenu, watu wote walikuwa wananitazama, nikashikwa na kicheko cha woga, nami sikukizuia. Lakini baadaye, tukiwa njiani kurudi, nilimwigizia Ochieng ulivyosema, nikacheka tena, na hapo sikuwa na woga wowote. Hilo ndilo linaloniuma. Mimi mwenyewe nikichoka nasema "rara" badala ya "lala," tena mbele ya wanafunzi, na wewe umenisikia mara ngapi, hujawahi hata kutabasamu. Nisamehe.

Mkwe wako,
Mwihaki


Katito,
28 Mei 1988

Mwihaki,

Salamu kwako na kwa Ochieng. Nimerudi jana. Barua yako nimeikuta hapa, imelowa pembeni lakini inasomeka. Mbwa ni mzima. Nimetanguliza hilo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Tulifika Ahero mvua ikinyesha. Daktari Shitanda alimpapasa tumbo, akaniuliza, "Amekula nini huyu?"

Nikamwambia, "Amemeza kifungo ya saba, daktari. Nne imetoka."

"Basi hiyo ingine ndio inamuua. Lazima nipasue, mama."

Nilidhani anazungumzia vitu vingine, maana huyu anameza kila kitu, nani angejua kilichobaki ndani. Nikakubali. Msaidizi wake alikuwa amezuiwa na maji upande wa pili, kwa hiyo akaniambia ninawe mikono hadi kwenye viwiko. Akampiga sindano ya usingizi. Tulimlaza kwenye meza barazani, palipokuwa na mwanga mzuri.

Mwihaki, nina miaka sitini na moja. Nimechinja kuku wasiohesabika, nimesaidia kuchinja mbuzi na ng'ombe, matumbo nimeosha tangu utotoni. Yote yalikuwa yamekufa. Sijawahi kuona ndani ya kitu kilicho hai. Daktari alinipa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, akaniwekea utumbo wa mbwa mikononi, akasema nishike bila kubana. Ulikuwa unatembea wenyewe. Mbwa amelala, hajui kitu, na utumbo wake unaendelea na kazi mikononi mwangu, wa moto, wa rangi ya waridi, unang'aa. Nilisahau mvua. Nilisahau goti. Nilitaka kuvua kilemba kwa heshima lakini mikono ilikuwa imeshika. Nikasema moyoni, Bwana, kumbe ndivyo ulivyotuumba sote, na tunatembea sokoni tukigombana bila kujua tumebeba nini.

Daktari alipapasa utumbo wote kwa vidole, kidogo kidogo, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mahali fulani akasimama. Utumbo ulikuwa umejikunja mikunjo mingi, kama kiuno cha sketi chenye mpira. Akakata pale kidogo, akavuta. Ukatoka uzi wa nailoni, ule wa kushonea magunia ya omena, mrefu kuliko mimi. Nadhani aliuokota sokoni kwa sababu ya harufu. Akauweka kwenye bakuli, akaendelea kupapasa. Akarudia mara ya pili. Jasho linamtoka.

"Mama, hizo tatu siioni."

"Tatu gani?"

"Kifungo. Si ulisema saba?"

"Hapana, daktari. Zilikuwa nne. Nilisema ya saba. Hii ya kung'aa."

Nikamwambia afungue fundo la leso yangu iliyokuwa kwenye kiti. Kimoja nilikuwa nimekibeba, sijui kwa nini. Alikitazama, akanitazama, akakaa kwenye ndoo. Hakucheka. Alisema, "Mama, kama ningesikia ni nne, na nne zimetoka, ningekupa dawa ya minyoo uende nyumbani. Siku ya tatu ungemzika." Alikuwa akitafuta vifungo ambavyo havikuwepo, ndipo akakutana na uzi.

Ulimi huu nimeuonea haya maisha yangu yote. Misheni nilichapwa kwa ajili yake. Nikiwa na wageni nilikuwa nachagua maneno yasiyo na herufi ile, na mengine nikiyakosa nanyamaza. Na siku alipotakiwa kuokolewa kiumbe asiyefika magotini, kilichotumika ni herufi iliyonishinda. Nimeliwaza jambo hili wiki sita, bado linanizidi. Nikilifikiria nakaa chini.

Baada ya hapo maji yalifunga barabara. Tulikaa kwa Agneta, maji yakaingia hadi sebuleni, mbwa nikamweka mezani ndani ya kikapu, mimi kwenye kiti miguu juu. Siku nane hakula. Nilimpa maji kwa kijiko, nikishika kijiko sana. Siku ya tisa akala omena moja, akalala, akala nyingine. Nililia mbele ya Agneta na sikuona aibu.

Habari ya kucheka nimeisoma mara mbili. Imekwisha. Ile ya kuniigiza njiani hukulazimika kuniambia, na uliniambia. Nimeiweka barua hiyo ndani ya Biblia.

Mama yako


Nyahururu,
12 Juni 1988

Mama,

Tumepokea barua yako, tunashukuru kwamba u mzima. Nilimsomea Ochieng kwa sauti. Nilipofika pale ulipoushika utumbo aliniomba nirudie. Nasi tulikaa chini kama wewe.

Umeteseka vya kutosha kwa ajili ya mbwa wetu. Nyumba ya shule imepatikana, ina ua wa michongoma. Shule zikifungwa mwezi wa nane nitakuja na kikapu nimchukue, upumzike, vijiko vyako virudi mezani.

Mwanao,
Mwihaki


Katito,
3 Julai 1988

Mwihaki,

Hatujambo. Mvua imepungua.

Vizuri, njoo. Mbwa ni wako. Nitakuwa nimemwogesha.

Mama yako


Nyahururu,
29 Agosti 1988

Mama yangu,

Nimefika salama, Ochieng ni mzima na anakusalimu sana. Shingo inaniuma kidogo kwa safari, lakini itapona.

Najua ulishangaa nilivyoondoka. Nilikuja na kikapu na blanketi ndani yake, nikaondoka mikono mitupu, nikasema basi limejaa sana, nitakuja siku nyingine. Basi halikuwa limejaa, Mama. Lilikuwa na viti vitupu upande mzima wa dirishani.

Nilipofika ulikuwa umemwogesha kama ulivyosema. Ulikuwa umemsukia kamba mpya, umemfungia omena kwenye kopo, umeandika kwenye karatasi chakula chake cha asubuhi na cha jioni. Ulizungumza habari za ratiba ya mabasi tangu nilipoketi. Hukumtazama hata mara moja. Nikajua.

Halafu ukaenda kuleta chai. Nilikuwa nimevua pete ya ndoa ninawe mikono, nikaiweka kwenye mkeka bila kufikiri. Nilipogeuka ilikuwa mdomoni mwake. Nilisahau yote aliyosema Nasipwondi, nikaruka, naye akarudi nyuma akainua kichwa ameze. Wewe ulikuwa mlangoni na sinia. Ulisema tu, "Wacha, mwanangu," na sikujua unamwambia nani kati yetu. Ukaweka sinia chini, ukakaa kwenye kigoda, ukafungua kiganja.

Hakikuwa na omena. Nilitazama vizuri, Mama, kilikuwa kitupu. Na yule mbwa akaja, akaiweka pete hapo katikati, akaweka kidevu chake juu ya mkono wako, akafumba macho. Ulinipa pete, ukamimina chai, ukaendelea na habari za mabasi kana kwamba hakuna lililotokea. Ninafundisha watoto arobaini na wawili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunipa kitu kwa namna ile.

Kikapu kitumie unavyotaka. Blanketi ni lake.

Ochieng alinipokea stendi. Alitazama mikono yangu, akatazama nyuma yangu, akauliza mbwa yuko wapi. Nikamjibu, yuko kwao.

Mwanao,
Mwihaki