Ng'ombe Wamerudi Bandani

Bibi yangu, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kando ya kaburi lako, matope yamenifika kwenye vifundo vya miguu. Kwa mara ya kwanza tangu tukuzike, siiogopi mvua.

Unakumbuka likizo yangu ya kwanza ya chuo? Nilikukuta unapandisha mlima na mzigo wa majani kichwani, unawapelekea ng'ombe bandani kama ulivyofanya maisha yako yote. Nilikasirika.

"Bibi, ng'ombe ana miguu minne, wewe miwili tena inauma, halafu wewe ndiye unamfuata na chakula?"

Ulicheka mpaka mzigo ukayumba. "Minne ndiyo. Na yote inachimba."

Nilidhani unatania. Nilibishana nawe wiki nzima kwa maneno ya darasani, hadi ukachoka ukamwambia Baba Mdogo afungue banda. "Mwache msomi wetu afurahi."

Ng'ombe watatu wakaanza kulishwa kwenye mteremko, chini ya kaburi la Babu. Walimaliza majani, wakakanyaga njia moja kila siku mpaka ikawa ngumu kama sakafu. Masika yalipokuja, maji yakaifuata njia hiyo. Ikawa mfereji, kisha korongo, na udongo wa kihamba, shamba letu la nyumbani, ulioulisha samadi miaka yote ukateremka mtoni.

Hukunilaumu. Ulikuwa unaurudisha udongo kwa karai. Afadhali ungenigombeza.

Siku tuliyokuzika pembeni ya Babu, wenzangu walitazama jeneza. Mimi nilitazama ukingo wa korongo. Ulikuwa karibu mno.

Baada ya matanga niliwarudisha ng'ombe bandani mwenyewe. Kiangazi chote nilipanda matete kukatiza mteremko, mstari baada ya mstari. Hatua mbili kutoka kaburini nikapanda isale, jani letu la kuombea msamaha. Sikuweza kukuomba kwa mdomo ulipokuwa hai. Nikajiambia, korongo likiling'oa, nimekataliwa.

Wiki hii mvua imenyesha siku tatu mfululizo. Nikampigia Baba Mdogo simu kutoka Rau, ninakoishi siku hizi.

"Kaburi lipo?"

"Njoo uone mwenyewe, mwalimu wa ng'ombe."

"Baba Mdogo, usinitanie!"

"Njoo na viatu vya matope."

Nimefika asubuhi hii. Maji yanapita taratibu kati ya matete, na nyuma ya kila mstari udongo umejikusanya, mweusi, laini. Ukingo haujasogea. Isale limesimama, Bibi. Lina jani jipya.

Nimelia, kisha nimecheka peke yangu kama mwehu.

Sasa naondoka. Nimeshakata mzigo wa matete, nataka kuupandisha bandani kabla jua halijakaza. Ni mzito, na shingo yangu haijazoea. Ng'ombe wako wananisubiri wamesimama palepale ulipotaka wasimame.

Pumzika. Udongo wako upo.

Mjukuu wako, mbishi