Nilinyamaza, Wakasema Mgonjwa

Mpendwa Bi Mastura, shikamoo, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa baada ya sala wazee wa nyumba yetu wanakwenda Chaani kurudisha posa ya kijana wa watu, na inarudishwa kwa sababu yangu, na mimi wallahi sikusema lolote kumhusu, na hilo ndilo linaloniumiza.

Nafanya kazi ya mapokezi kwenye kliniki moja ya binafsi huku Kisauni, si daktari wala muuguzi, naandika wagonjwa na kuwatolea mafaili, lakini mtaani Mtopanga wananiita daktari, na nyumba yetu ina mazoea, msichana akiposwa lazima habari za kijana ziulizwe kabla wazee hawajajibu, kama msikitini anaonekana, kama kazini anaelewana na watu, na mambo ya afya naulizwa mimi. Niliulizwa mchumba wa dada yangu nikasema mzima, nikaulizwa mchumba wa Lamis jirani yetu nikasema mzima hana neno, na hao wawili sikupata kuwaona kliniki hata siku moja, kwa hivyo sikuona kama nimetoa siri ya mtu, nilikuwa natuliza roho za wazazi tu.

Sasa binamu yangu Basma ameposwa na Taha, kijana mwenye duka la vitunguu Kongowea, na wanapendana, na shangazi yangu Suad, mamake Basma, akaja kunikuta jikoni nikikuna nazi akaniuliza, “Mwanangu, huyu Taha wamjua? Hapo kwenu apata kuja?” na huyu Taha, Bi Mastura, ndiye niliyemtolea faili kwa mkono wangu mwenyewe [hapa nimefuta maneno – Bi Mastura], basi nikakumbuka mafunzo tuliyopewa juzi juzi kazini kuhusu siri za wagonjwa, nikaona leo nifanye haki, nikamwambia, “Shangazi, niwie radhi, ya kliniki hayatoki kliniki.” Akaweka kikombe chini akaniangalia. “Wale wengine mbona uliwasema? Kumbe huyu ana jambo.” Nikamwambia sijasema ana jambo. “Basi sema mzima,” akaniambia, nami nikanyamaza, akatoka jikoni akisema lahaula. Hiyo ilikuwa asubuhi, na kufika alasiri nyumba nzima inajua kuwa Taha ana maradhi makubwa, na Basma hali chakula, amenishika mkono ananiambia, “Dada, neno moja tu. Mzima au si mzima?”

Nimpe hilo neno moja ili posa isirudi, au ninyamaze kijana achafuliwe jina? Na je, sheria inanishika hata mimi nisiye daktari?

Mnyamavu, Mtopanga

Bi Mnyamavu, marahaba, na pole. Jibu hili nilikupa kwa simu siku ile ile barua ilipofika, na sasa nalichapisha kwa idhini yako, maana nyumba zenye mazoea kama ya kwenu si moja.

Unadhani ulikosea siku ya Taha. Siku ya Taha ndiyo siku uliyofanya sawa. Ulikosea siku zile ulizosema “mzima, hana neno” kwa watu usiojua hata kama wana mafua. Ulimzoesha shangazi yako kwamba kwako kuna jibu, na akazoea. Ulipofunga mdomo kwa mmoja, ukawa umemtaja.

Ndiyo, sheria inakushika. Sheria ya Afya ya nchi hii haiangalii koti jeupe. Ugonjwa wa mtu, matibabu yake, hata kule kufika kwake kliniki, yote ni siri, isipokuwa akubali mwenyewe, au mahakama iamuru, au sheria nyingine itake. Na Sheria ya Kulinda Data inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Kazi unaweza kuikosa, na mahakamani unaweza kupelekwa.

Kwa hivyo hilo neno moja usilitoe. Hata likiwa zuri. Ukisema Taha mzima, kijana atakayefuata ukimnyamazia umemmaliza.

Nenda kwa shangazi yako leo, na huyo mzee atakayeongoza msafara wa Ijumaa awepo. Mwambie, “Wale wa kwanza nilisema ili kuwaridhisha, maneno yangu hayakuwa na msingi. Kuanzia leo sijibu juu ya yeyote, na kunyamaza kwangu msikufanye habari.” Usiseme kwamba wale hawakuja kliniki, maana atakuuliza papo hapo, “Na huyu je?” Utaona haya mbele yao. Ivumilie, jina la mtu ni kubwa kuliko haya yako.

Kesho ukifika kazini mweleze msimamizi wako yote, mwenyewe, kabla hajasikia sokoni.

Basma naye mwambie swali lake ni halali kabisa, ila amelipeleka siko. Taha ana mdomo. Wanaotaka kuoana wanakwenda kupima pamoja, kwenye kituo kisicho chako, na kila mmoja anamwambia mwenziwe kwa kinywa chake. Akishasikia kwake ataamua, na wazee wangoje hadi hapo.

Jambo la mwisho, na hili sikukuambia kwa simu kwa sababu nilikuwa bado na hasira. Majina, mitaa na biashara ya huyo kijana nimevigeuza vyote. Barua yako ilikuwa na jina lake kamili, chumba alichoingia, na dawa alizotoka nazo. Mistari hiyo nimeifuta, na karatasi nimeichoma. Shangazi yako alikubana jikoni ukamkatalia. Mimi hujapata kuniona, wala sikukuuliza, na umeniambia.