Kustaafu kwa Karai la Arusi

Kijiji cha Nyarero,
S.L.P. Tarime.
14 Agosti, 1976.

Kwa mpendwa dada yangu Rhobi,

Shikamoo sana. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima hapo Morotonga, wewe na shemeji Nashoni, na kwamba goti lake limeacha kumsumbua, au angalau yeye ameacha kulisimulia. Sisi huku hatujambo. Mtama umekubali, mihogo imekubali, na kitambi changu kimekubali kuliko vyote.

Awali ya yote, nina jukumu zito la kukutangazia, kwa niaba ya familia na kijiji kizima, kwamba lile karai la bati ulilotuletea siku ya arusi yetu limestaafu rasmi. Limeutumikia ukoo huu kwa uaminifu, limenawisha wakwe, wazee wa mila na hata katibu tarafa. Sasa liko nyuma ya jiko, kuku wanalinywea maji. Naomba usilie kabla hujafika mwisho wa barua.

Barua yako niliipata. Umesema tukimaliza kuvuna utakuja kumchukua Wegesa, kwa sababu ulimleta kusoma akiwa na macho meupe nami nikayageuza ya njano. Nilipomsomea Mogesi maneno hayo aliingia jikoni akanyamaza. Unamjua mke wangu: akinyamaza, hata mbwa anahama uani. Wanetu wameshakwenda zao, dada, na binti yako ndiye sauti iliyobaki katika nyumba hii. Kwa hiyo nisikilize kwanza, halafu uamue.

Ni kweli Wegesa aliugua manjano mwezi wa sita, yeye na karibu nusu ya darasa lake. Serikali ikatuletea mtafiti, dada mmoja anaitwa Mwantumu, mtu wa Pwani, ana Kiswahili laini hivi kwamba wazee walikuwa wanamkubalia kabla hajamaliza kusema. Alitueleza mkutanoni kwamba ugonjwa ule unaletwa na virusi, vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyotoka chooni, vikapanda mikononi, vikaingia mdomoni. Mzee Heche, jirani yangu, akauliza kama vina pembe. Akajibiwa havina. Akasema kama havina pembe havimhusu, wahangaike navyo wanawake. Kina mama wakamzomea mpaka akajifanya anatafuta ugoro wake.

Basi yule dada akazunguka nyumba kwa nyumba akiwauliza watoto kama wananawa kabla ya kula. Wote wakasema wananawa, na ilikuwa kweli. Mtoto gani wa Kikurya atagusa ugali wa baba yake bila kunawa? Dada wa watu akachoka. Akasema hajapata kuona watoto wanaonawa hivi na kuugua hivi. Mimi, kwa kuwa ni balozi wa nyumba kumi na mtu wa ushauri usioombwa, nikamwambia labda virusi vyenyewe havijapata habari kwamba watoto wamenawa. Akacheka sana, akasema kesho atakuja kula kwangu mchana, si kuuliza tena, bali kutazama.

Najua habari zilizokufikia huko: kwamba mdogo wako alisimama kishujaa mbele ya mgeni, akakataa kunawa kabla ya watoto, akavunja desturi kwa ajili ya afya ya taifa. Kina mama wamenitungia wimbo. Nimechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya afya. Heche ananiita mwanamapinduzi, ingawa anavyolitamka linafanana na tusi. Sasa nakuandikia wewe peke yako jinsi ilivyokuwa, maana hukuwahi kuniamini tangu utotoni, na kwa umri huu sitaki uanze.

Unajua karai linavyotembea kwetu, majirani tunapokula pamoja. Linaanza kwa mgeni, linakwenda kwa mzee, kwa mwenye nyumba, kwa wanaume kufuata umri, linavuka uani kwa kina mama, linaishia kwa watoto. Maji ni yale yale, kwa sababu mto uko mbali.

Siku ile asubuhi ng'ombe wangu mwekundu alikuwa anazaa, na ndama amekaa vibaya. Niliingiza mkono mpaka karibu na bega. Ndama anatoka, na mgeni anapiga hodi. Nikakimbilia mtungini: mtupu, Mogesi ameyamalizia maji kwenye ugali na chai ya mgeni, yamebaki ya karai tu. Nikajipangusa kwa majani, nikavaa koti, nikaketi nimekunja mikono kama hakimu.

Mwantumu akanawa, Heche akanawa, karai likaja kwangu. Ningetumbukiza mikono ile, maji yangegeuka damu mbele ya mgeni wa serikali. Nikasema waanze watoto. Nilisema kwa woga, dada, lakini unaijua sauti yangu, ikatoka kama amri. Heche alinitazama kama niliyeuza shamba la ukoo. Wegesa akaja wa kwanza, watoto wa majirani nyuma yake, halafu kina mama, halafu wanaume.

Mwisho karai likanirudia, nikatazama ndani. Maji yalikuwa mazito kama uji, na ugoro wa Heche unaelea juu. Nikafahamu kwamba Wegesa amenawia maji ya namna hii kila siku tangu umlete, tena kwa adabu, tena huku akishukuru. Dada, sikuweza kutia mikono yangu mle, na ilikuwa mikono yenye damu.

Nikayamwaga uani. Mwantumu akasimama akapiga makofi, akasema hilo ndilo alilokuwa analitafuta. Sikumkatalia. Siku hizi kila mtu anamiminiwa maji yake kwa kata, na sabuni ipo, na wanaume tunateka kwa punda. Katika nyumba zetu kumi hajaonekana tena mgonjwa mpya, ingawa Mwantumu ametuonya tusijigambe mapema. Macho ya mwanao ni meupe kama maziwa, na ugali anaula kwa kasi inayonitisha.

Ukitaka kumchukua sitakuzuia, wewe ndiwe mama. Ila njoo ule kwetu kwanza. Atakumiminia maji yeye mwenyewe, akishamiminiwa yeye. Usinune.

Mogesi anakusalimu sana, na leo ameongea kidogo. Msalimie shemeji, pamoja na goti.

Ni mimi mdogo wako,
Nyamhanga.

N.B. Ndama ni jike. Tumemwita Utafiti.